Orodha ya "vyuo bora" haitamchagulia binti yako chuo

SWALI: Binti yangu amemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu) na amechaguliwa na vyuo viwili. Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Dar es Salaam, kimempa shahada ya uhasibu, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), Mwanza, kimempa shahada ya usimamizi wa biashara. Mwenyewe anataka kuwa mhasibu aliyesajiliwa. Sisi ni wakulima wa korosho. Kijana mmoja anayewajazia watu maombi hapa mjini ametuonyesha kwenye simu orodha ya vyuo bora Tanzania, akatushauri tuchukue kilicho juu, kisha tumwachie namba ya siri athibitishe kwa niaba yetu na kutufuatilia mkopo. Tumsikilize? (Mzazi, Nachingwea)

JIBU: Ndugu mzazi, pokea hongera zangu, na mfikishie binti. Nitaanza na orodha, kwa sababu kila msimu wa udahili wazazi wa Lindi na Mtwara huniletea orodha ya namna hiyo, na kila msimu nakuta imekwisha kuamua mambo ambayo haikutengenezwa kuyaamua.

Orodha inayosambazwa zaidi nchini kwetu ni ile iitwayo Webometrics, ambayo ilianza kutolewa mwaka 2004 na maabara iliyo chini ya baraza la taifa la utafiti la Hispania. Katika matoleo ya miaka ya karibuni, nusu ya alama zake imetokana na wingi wa tovuti nyingine zinazoelekeza wasomaji kwenye tovuti ya chuo, na karibu zote zilizobaki zimetokana na makala za kitafiti zinazonukuliwa sana na wanasayansi duniani. Hakuna hata alama moja inayotolewa kwa ubora wa somo la ukaguzi wa hesabu mwaka wa pili, kwa idadi ya wanafunzi darasani, wala kwa wahitimu wanaofaulu mitihani ya bodi ya wahasibu. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho hakifundishi shahada ya uhasibu, huonekana karibu na kilele cha orodha hizo: utafiti wa tiba hunukuliwa sana, na ni haki yake kusifiwa kwa hilo. Lakini kumchagulia mhasibu chuo kwa kipimo hicho ni sawa na kununua korosho kwa kutazama rangi ya gunia. Waliotengeneza orodha hawakuficha wanachopima. Tatizo ni watu wanaoigeuza kuwa ushauri na kuwatoza watu fedha bila kusoma hata ukurasa mmoja wa maelezo yake.

Kinachopaswa kulinganishwa hapa ni kozi, kwa kuwa barua mbili alizopata binti yako ni za kozi mbili tofauti. Usajili wa mhasibu hauko mikononi mwa chuo chochote. Uko kwa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), ambayo ina mitihani yake mpaka mtu afikie CPA, yaani sifa ya mhasibu wa kitaaluma. Mwenye shahada ya uhasibu huanzia ngazi ya kati ya mitihani hiyo, wakati mwenye shahada isiyo ya uhasibu huanzia ngazi ya msingi, ambayo ina ada zake, vitabu vyake na muda wake. Kwa lengo mlilonitajia, basi, ningechukua shahada ya uhasibu, na kwa kuwa inatolewa na IFM, binti aende Dar es Salaam. Kama barua zingekuwa kinyume, uhasibu Mwanza na usimamizi wa biashara Dar es Salaam, ningekuambia bila kusita apande basi la Mwanza. SAUT si chuo cha kudharauliwa: kimekuwa chuo kikuu tangu 1998, na shahada yake ya usimamizi wa biashara inamfaa anayetaka kuendesha kampuni, kuuza au kusimamia watu. Kabla ya kuthibitisha, hata hivyo, binti aulize NBAA yenyewe shahada ya uhasibu ya IFM inampa msamaha wa mitihani ipi, na jibu alipate kwa maandishi.

Kuhusu fedha, jambo moja husahaulika. Fedha za chakula na malazi za Bodi ya Mikopo, ambazo wanafunzi huziita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, na kiwango hicho hakibadiliki kwa kuwa mtu anasoma katika jiji lenye pango kubwa. Chumba cha karibu na IFM, katikati ya jiji, si cha kuhesabiwa kwa bumu peke yake. Wengi hupanga mbali na kulipa nauli kila siku. Tafuteni nafasi ya bweni au ndugu wa kuaminika mapema. Vilevile vyuo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, wakati minada ya korosho ya RUNALI, chama chenu kikuu cha ushirika, ndiyo kwanza inaanza na malipo hayajafika kwenye akaunti zenu. Mwandikieni mhasibu wa chuo sasa, mwombe utaratibu wa kulipa kwa awamu, na kama mlivuna ufuta, tengeni sehemu ya fedha zake kwa ajili ya usajili.

Sasa nije kwa kijana wa namba ya siri, na hapa nasema na wazazi wote wa kusini. Namba ya kuthibitisha hutumwa kwa mwombaji kwa sababu uamuzi ni wake. Mwenye namba hiyo na nenosiri la akaunti anaweza kumthibitisha mtoto wako katika chuo ambacho hamkukichagua, na familia ikagundua dirisha la kuthibitisha limekwisha kufungwa. Nimewaona watoto wenye alama nzuri wakihangaika na maombi ya uhamisho muhula mzima kwa sababu hiyo, huku aliyewasaidia akiwa amebadilisha namba ya simu. Mkopo nao hauna mtu wa kuufuatilia kwa njia ya pembeni: Bodi hupima uhitaji kwa nyaraka, yaani cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), vyeti vya vifo kwa waliofiwa na wazazi, na namba ya kaya kwa walio katika mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini. Anayedai kuwa ana mtu wake ndani ya Bodi anawauzia kitu ambacho hana. Kumlipa mtu wa steshenari akuchapie fomu ni sawa, mradi binti akae kando yake, aandike nenosiri kwa mkono wake mwenyewe na atoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Ambaye amekwisha kutoa namba zake abadilishe nenosiri leo, kisha apige simu ofisi ya udahili ya chuo, kwa namba iliyo kwenye tovuti rasmi ya chuo au katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), aulize jina lake limethibitishwa wapi.