Jibu: Mwembamba lakini kongosho lina mafuta?

Waalaykum salaam kaka. Umeuliza vipi altrasaundi ionyeshe mafuta kwenye kongosho (kiungo cha tumboni kinachotoa insulini ya kudhibiti sukari) na hali mikono na miguu yako myembamba, kitambi tu ndicho kilichotangulia. Basi ndicho chenyewe. Mafuta ya chini ya ngozi hayana taabu sana. Ya ndani, yanayozunguka utumbo, ndiyo yanayokwenda sambamba na mafuta ya ini na kongosho.

Kwanza pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi. Mwanamume akifika sentimita 94, aanze kujiangalia. Kisha kapime sukari kabla ya kula, na HbA1c (kipimo cha damu cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita). Picha peke yake haitoshi.

Mie niliambiwa hayohayo. Nilianza kwa kuacha chai ya sukari na boflo la usiku, halafu kutembea baada ya Alasiri. Wali wa nazi sikuuacha (nani atauacha?), nimepunguza sahani. Kwenye utafiti wa DiRECT wa Uingereza, wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86 sukari yao ilikuwa imetulia bila dawa baada ya mwaka mmoja.

Dawa usianze wala kuacha bila ya daktari.