Seva mpya ya Mastodon iko tupu, nifanyeje?

Mkuu, umesema seva yako ya Mastodon (mtandao wa kijamii wa seva nyingi zinazojitegemea na kuunganika) imewaka vizuri ila ukurasa wa machapisho ya seva nyingine uko mtupu, na unauliza kama ununue mashine kubwa zaidi.

Usinunue. Itifaki ya ActivityPub, yaani kanuni ambazo seva hizi huwasiliana kwazo, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2018, hupeleka chapisho kwa wafuasi na waliotajwa, si kwa kila seva iliyoko hewani. Mpaka mtu wa kwako amfuate mtu wa kule, karibu hakuna kitakachokuja. Tafuta anwani kamili, jina pamoja na domeni, ufuate watu kadhaa wanaoandika mambo unayoyapenda. Ukurasa utajaa wenyewe. Kuna pia rilei zinazomwaga machapisho ya seva nyingi kwa mpigo, lakini kwa mashine ndogo sizishauri kabisa: picha za watu usiowajua zitakula diski. Hata bila rilei, panga amri ya tootctl media remove, inayofuta picha na video za zamani kutoka seva nyingine, ijiendeshe kila usiku.

Ombi la kufuata likining'inia, angalia saa ya seva. Ujumbe husainiwa pamoja na muda wake, na saa ikipotea sana upande wa pili unaukataa. Kisha tazama foleni ya Sidekiq, programu inayofanya kazi za nyuma ya pazia kama kutuma na kupokea ujumbe.

Domeni ndiyo ya kuogopa. Ukishaunganika na wengine usiibadilishe, maana kule nje akaunti zenu zinajulikana kwa jina hilo. Achana na domeni zenye bei rahisi ya ofa kwa mwaka wa kwanza tu. Ilipie miaka kadhaa mbele. Nakala rudufu ya hifadhidata na faili la .env.production, lenye mipangilio na funguo za siri za seva, vikae nje ya mashine hiyo.