Ukichagua muziki sekondari, anza na sikio

Nilichagua muziki nikiingia kidato cha tatu, katika shule moja hapa Pwani. Tulikuwa sita darasani. Baba aliniuliza, "Hilo ni somo au ni mchezo?" Leo nafundisha vijana wanaojiandaa kwa mtihani uleule, na wazazi wao huniuliza swali hilohilo.

Ni somo, tena gumu. KCSE ya muziki, yaani mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, ina karatasi tatu: vitendo, kusikiliza, halafu nadharia pamoja na historia na uchambuzi. Wengi wetu tuliikimbilia ile ya tatu kwa sababu inafanana na masomo tuliyoyazoea. Bach alizaliwa 1685 akafa 1750, nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane, unakariri, unaandika. Sikio halikaririwi usiku wa kuamkia mtihani. Muhula wa pili tulipigiwa wimbo mfupi tuuandike kwa noti, nami niliinama kuandika tangu noti ya kwanza ilipolia. Ulipokwisha, karatasi yangu ilikuwa na vichwa vya noti vinne na alama za kufuta.

Aliyenifungua si kitabu. Kwa mtihani wa vitendo nilitaka kupiga chivoti, filimbi ya Wamijikenda inayoshikwa kimlalo, nikapelekwa kwa mzee mmoja Kwale. Siku ya kwanza nilipuliza mpaka midomo ikakauka, ikatoka pumzi tupu. Mzee akainyakua, akaiweka mkekani nyuma yake. "Imba kwanza," akasema. "Kidole hakiujui wimbo, wewe ndiwe unayeujua." Tuliimba jioni nzima. Chivoti nilirudishiwa wiki iliyofuata, na vidole vilikwenda vyenyewe.

Basi nikayahamishia hayo darasani, na ndiyo ninayokuomba uyafanye. Ukipigiwa imla ya muziki, weka kalamu chini. Sikiliza mpaka mwisho, uimbe kimoyomoyo, utafute "do", ile noti ambayo wimbo hurudi kutulia, iko wapi, ndipo uandike. Kama umelelewa kwenye kwaya inayosoma solfa, ile ya do, re, mi, usikubali kuambiwa uisahau kwa sababu sasa unasoma noti kwenye mistari mitano. Solfa ndiyo ngazi yako ya kupandia. Iandike kwa penseli chini ya mistari, kisha uigeuze kuwa noti.

Tumia nyimbo ulizo nazo tayari. Vijana wengi husumbuka kutofautisha meja na maina, mipangilio miwili ya noti inayoupa wimbo rangi yake, na huku maina wameiimba gwarideni tangu chekechea: wimbo wetu wa taifa. Sauti yake ilitokana na bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana, ikatengenezwa na tume ya watu watano kabla ya uhuru wa 1963. Ukisikia kipande mtihanini, kilinganishe na mwanzo wa "Ee Mungu nguvu yetu". Kile kituo cha plagali, namna mojawapo ya kumalizia kifungu cha wimbo, nacho ni ile "Amina" ya mwisho wa tenzi za kanisani. Dakika kumi na tano kila siku, hata ukiwa njiani, zinashinda saa tatu za Jumamosi.

Kwenye kupanga sauti nne ni vivyo hivyo. Kanuni za kukataza kwinti na oktavu sambamba, yaani sauti mbili kusogea pamoja zikiwa zimeachana kwa noti tano au nane, utazijua, lakini macho huchoka. Kabla ya kukabidhi kazi, imba besi peke yake, halafu tenor, halafu alto. Tenor ikikurusha huku na huku hata ukashindwa kuiimba, kuna kosa hapo. Mimi makosa yangu mengi niliyakuta kati ya tenor na besi, pale nilipokuwa nimechoka nikaziacha zipande pamoja.

Wazazi, msimwekee mtoto muziki kama adhabu ya kufeli fizikia. Katika mtaala mpya muziki una nafasi yake rasmi sekondari ya juu, katika mkondo wa sanaa na michezo, na vyuo vikuu kama Kenyatta na Maseno vinaufundisha kwa shahada. Mtoto anahitaji ala ya kushika nyumbani na mtu wa kumsikiliza akikosea.

Siku ya karatasi ya kusikiliza, wimbo ulipoanza wenzangu waliinama wote. Mimi nilifumba macho, nikauimba kimya mpaka ukaisha, kisha nikashika penseli.