Jarida la mashirika ya hiari: mfikirie kwanza mhasibu wa Kotido

Anayeanzisha jarida la sekta ya mashirika ya hiari hapa Uganda amfikirie kwanza mhasibu wa shirika dogo la Kotido au Kisoro, mwenye kompyuta moja na bando la kuhesabu. Mfadhili wa Kampala hana haja ya kujiona ukurasa wa mbele akikabidhi baiskeli. Mhasibu yule anataka kujua ruzuku ipi iko wazi, sheria ipi imebadilika, na nani anaajiri.

Kurasa za ruzuku ndizo moyo wa jarida, hasa tangu misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka 2025. Usinakili tangazo la mfadhili lilivyo. Fungua mwongozo wenyewe, utoe kiwango cha chini na cha juu cha fedha, sarafu yake, miaka ya hesabu zilizokaguliwa inayotakiwa, sehemu ambayo shirika lazima lichangie, na kama shirika la kijamii lililosajiliwa wilayani linaruhusiwa kuomba au ni NGO (shirika lisilo la kiserikali) pekee. Hilo la mwisho husahaulika sana, na watu hupoteza wiki mbili wakiandika ombi lisiloweza kupokelewa. Geuza pia saa ya mwisho iwe ya kwetu: saa 11 jioni ya Brussels ni saa 1 usiku Kampala wakati wa baridi ya Ulaya, lakini ni saa 12 jioni wakati wa kiangazi chao. Tangazo litakalobakiwa na chini ya wiki tatu siku nakala inapofika wilayani liache, au lipeleke kwa ujumbe wa simu. Linalodai ada ya kuomba ruzuku usilichapishe kabisa.

Upande wa sheria, makosa mengi hutoka kwenye makala za zamani. Sheria ya NGO ya 2016 bado ndiyo msingi, lakini marekebisho ya 2024 yaliifuta Ofisi ya NGO kama chombo cha kujitegemea na kuhamishia kazi zake ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kila toleo liwe na kisanduku cha kukumbusha muda wa kibali cha kuendesha shirika, taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Mwezi Agosti 2021 mashirika 54 yalisimamishwa, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni vibali vilivyokwisha muda na hesabu ambazo hazikuwasilishwa. Hayo ni mambo ambayo kalenda ya ukutani ingeyazuia.

Picha zina matatizo mawili. La kwanza ni ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inadai ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na ridhaa iliyotolewa kwa ripoti ya shirika haitoshi kwa jarida. Ombeni upya, kwa lugha anayoielewa mhusika, iwe Kiateso au Kiacholi. La pili ni ubora. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupungua pikseli. Yenye upana wa pikseli 1,600 huchapika vizuri kwa sentimita 13 na nusu tu, kwa kipimo cha nukta 300 kwa inchi, na ukiitandaza ukurasa mzima wa A4 itatoka na ukungu. Mwambie mpiga picha aitume kama faili.

Kwa wachapaji wa Nasser Road, mtaa wa uchapaji wa Kampala, peleka kurasa zinazogawanyika kwa 4 ikiwa jarida litabanwa pini katikati: kurasa 34 zitakulazimisha kulipia 36. Picha zinazofika ukingoni ziongezewe milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikiyumba kidogo utabaki na mstari mweupe. Dai nakala ya majaribio kabla bamba za kuchapia hazijatengenezwa, na usome kwa sauti tarehe na namba za simu. Gharama ya bamba haibadiliki, kwa hiyo nakala 1,000 hazigharimu mara mbili ya 500. Hata hivyo usichape zaidi ya zinazosomwa. Nakala zikitumwa kwa basi, mpe mpokeaji wa kila wilaya karatasi ya kusaini, na kabla ya toleo lijalo mpigie uulize zimebaki ngapi. Palipobaki theluthi, punguza.

Matangazo ya kazi yanaweza kulipia uchapaji. Yawekewe neno “Tangazo” juu, na bei yake isiambatanishwe na ahadi ya makala.