RAM Kwanza, Kadi Baadaye

Swali: Assalamu alaykum. Nahariri video za harusi hapa Chake Chake kwa Dell OptiPlex 7010 ya mnara: prosesa i5-3470, RAM GB 8, diski ya kuzunguka GB 500. Sasa wateja wanataka madoido ya mvua, cheche na majina yanayoelea, nami natumia Fusion, sehemu ya madoido iliyomo ndani ya DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri video. Kipande cha sekunde 10 tu kinakwama. Fundi anasema ninunue kadi ya picha. Nimsikilize?

Jibu: Waalaykumu ssalam. Kadi utaihitaji, ila isitangulie. Piga hesabu: fremu moja ya 1920 × 1080 yenye chaneli nne za biti 32 inakula karibu MB 33. Kwa fremu 25 kila sekunde, sekunde 10 ni fremu 250, yaani zaidi ya GB 8. RAM yako (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) imekwisha kabla Windows haijapata fungu lake, na kinachofurika kinaangukia kwenye diski, ambayo ndiyo ya polepole kuliko vyote. Fungua Task Manager (bonyeza Ctrl+Shift+Esc) wakati imekwama. Ukikuta RAM na diski zimejaa huku prosesa imetulia, jawabu ndilo hilo.

Blackmagic Design, wenye programu, wanashauri GB 32 kwa anayetumia Fusion. Mazabodi yako (ubao mkuu wa kompyuta) inafika huko: sloti nne za RAM ya aina ya DDR3, kila moja GB 8. Mfuko ukiwa mwepesi, anza na vipande viwili. Soma lebo kabla ya kulipa, unatafuta PC3-12800U. Zenye R mwishoni zimetoka kwenye seva. Zinaingia kwenye sloti vizuri kabisa, lakini mashine hii haiwaki nazo. Sugua meno ya RAM kwa raba ya penseli kabla ya kupachika, kwani hewa yetu ya chumvi hufubaza miguso, na kompyuta ikigoma kuwaka utadhani umeuziwa kibovu.

Kisha SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi) ya SATA, GB 480 ikipatikana. Ichomeke kwenye tundu la mazabodi lililoandikwa SATA0 au SATA1, maana matundu mengine yana nusu ya kasi. Windows, programu na faili za kashe (za muda, zinazotengenezwa na programu) zihamie huko. Diski ya zamani ibaki kuwa ghala la harusi zilizokwisha.

Sasa kadi. Paua saplai yako (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ni ya wati 275 na haina waya wa kulisha kadi, na sloti yenyewe hutoa wati 75 tu. Chagua GTX 1650 ya GB 4, toleo lisilo na tundu la umeme wa ziada. Kadi hiyo haitoi VGA (waya wa zamani wa skrini): ukiletewa yenye tundu la VGA, usiichukue, kwani zipo kadi kongwe zilizobadilishwa jina. Programu ya GPU-Z huzitambua na kuziandika FAKE. Kama skrini yako ni ya VGA pekee, nunua pia kigeuzi cha HDMI kwenda VGA. Na sasisha BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) kabla ya kuipachika kadi, kompyuta ikiwa kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mazabodi inaweza kufa.

Kuna jambo moja fedha haitaliondoa: prosesa za kizazi hiki, hata i7-3770 inayoingia hapohapo, hazina AVX2, seti ya amri za prosesa. Programu inayoidai haitafunguka hata ujaze RAM yote, kwa hiyo soma mahitaji yake kwanza.

Swali: Yangu, aina hiyohiyo, huzimika ghafla nikianza kurenda (kutoa video iliyokamilika). Ni joto au umeme? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Jibu: Tazama saa. Ikizima mara tu mzigo unapopanda, paua saplai imechoka au kadi imeizidi nguvu. Itoe kadi ujaribu tena. Ikizima baada ya dakika kadhaa, ni joto. Puliza vumbi, ng'oa kipoza cha prosesa, futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, kisha kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, ili kipoza kilale sawa.