Programu ya duka: ununue moja kwa moja au ulipie kila mwezi? Yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza uweke programu ya duka ya kulipia kila mwezi au utafute ya kununua mara moja, na wengi hapo juu wamekujibu "lipia tu, hela yenyewe ndogo". Mimi nina duka la vipuri vya pikipiki Morogoro na nimepita njia zote mbili.

2016 nilinunua programu ya mauzo na stoo kwa 450,000. Kijana alikuja na CD, akaiweka kwenye kompyuta yangu, akaniachia risiti na namba ya usajili ambayo niliiandika chini ya kibodi. Miaka mitano sikumlipa mtu. Intaneti ikikata, hata sijui.

2021 kompyuta ikafa. Nawapigia walioniuzia waniwekee kwenye mpya, naambiwa ile haipo tena, siku hizi ni ya mtandaoni, dola 10 kwa mwezi. Na namba yangu je? "Hiyo ya zamani, bosi." Nikajiunga. Sitasema uongo, mwanzoni niliipenda: niko msibani Ifakara, naangalia mauzo kwenye simu.

Ila bei ni ya dola. Nilianza na kama 23,000. 2024 dola ikafika 2,700 na kitu, nikawa natoa 27,000 kwa kitu kilekile, na wao hawajaongeza hata senti. (Baadaye waliongeza pia.)

Kilichoniuma hasa si hela. Jumamosi moja kadi yangu ya mtandaoni ilikuwa imeisha muda, makato yakakwama. Asubuhi nafungua, maandishi mekundu: lipia kwanza. Fundi mmoja mteja wangu wa siku nyingi kasimama kaunta, hela mkononi, anataka kujua anadaiwa ngapi. Sijui. Deni nililoliandika mimi, la vitu vilivyotoka kwenye rafu zangu, siwezi kulisoma. Akacheka: "Kwa hiyo leo sidaiwi?" Akalipa 30,000 aliyoikumbuka. Jumatatu ilipofunguka nikakuta ni 48,000. Iliyobaki alileta, muungwana yule. Wengine je?

Usiniambie ni sawa na king'amuzi. King'amuzi kikikatwa nakosa mpira, lakini mpira haukuwa wangu.

Na mchezo huu wakubwa ndio wameuzoesha. Adobe, wale wenye Photoshop ya kutengeneza picha, walitangaza 2013 kwamba matoleo mapya ni ya kulipia kwa mwezi tu, toleo lao la CS6 likawa la mwisho kuuzwa moja kwa moja. 2022 BMW katika baadhi ya nchi wakataka mtu alipie kila mwezi viti vipate joto, na vifaa vyenyewe vimo ndani ya gari alilokwisha kununua! Watu wakapiga kelele, mwaka uliofuata wakaacha.

Sikatai, seva (kompyuta zao zinazotunza kumbukumbu zetu) zina gharama na mafundi wao wanakula. Kwa hiyo swali langu kwa muuzaji ni moja: siku nikiacha kulipa, nitaweza kusoma na kutoa kumbukumbu zangu? Usikubali jibu la mdomo. Kwenye siku za majaribio ingiza bidhaa kumi na wadaiwa watatu, halafu jaribu kuzitoa kwa faili la Excel. Kuna wanaokupa PDF tu, hiyo ni picha ya daftari, huwezi kuhamia nayo popote. Na ukinunua ya moja kwa moja, risiti iandikwe kwamba unaruhusiwa kuihamishia kompyuta nyingine. Mimi sikuuliza hilo.

Bado nalipia, mkuu, maana vipuri vyangu vinapita elfu moja. Ila kila Jumamosi jioni natoa faili naweka kwenye flashi, na orodha ya wadaiwa naiprinti inakaa kwenye droo. Wewe kama bidhaa hazifiki mia mbili, usilipie chochote kwanza: LibreOffice, programu yenye majedwali kama ya Excel, ni bure, haihitaji intaneti, na kaunta buku pembeni. Taja una bidhaa ngapi na kama kuna mtu mwingine anakusaidia kuuza, nikutumie faili ninalotumia.