Maswali na majibu: Saa ya ukutani anaisoma, ya simu inamshinda

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko darasa la tatu, saa ya mishale anaisoma vizuri tu ila simu ikiandika 8:45 anasema "saa nane na dakika arobaini na tano". Mwalimu wa tuisheni kampa fomula ya kutoa sita, mjomba wake anasema bora turudishe saa zote za nyumbani nyuma masaa sita zisome Kiswahili moja kwa moja. Tufuate lipi? (Mama wawili, Morogoro)

JIBU: Marahaba mama. Msifuate hata moja, na huyo mjomba mwambie asiguse simu ya mtu, ukirudisha simu nyuma masaa sita WhatsApp inaweza kugoma ikakwambia tarehe yako sio sahihi, na ya ukutani ukiigeuza mtoto ataisoma hapo kwenu tu, akifika shuleni anaanza upya.

Ila hii ya kutoa sita ndo inanichosha kuliko zote, kila muhula naletewa watoto wameshakaririshwa. Kwa 8:45 inakubali, nane toa sita mbili, mzazi anafurahi analipa. Sasa mpe 3:20 ya mchana. Tatu toa sita mtoto wa darasa la tatu anaitolea wapi? Anageuza kimyakimya, sita toa tatu, anakwambia saa tatu na dakika ishirini wakati ni saa tisa na dakika ishirini. Wakimwona kakosea wanamwongezea sheria nyingine kwamba hapo sasa ujumlishe. Afu siku simu iko kwenye mfumo wa saa 24 imeandika 20:00, anatoa sita zake anapata kumi na nne, nimeshaambiwa "saa kumi na nne mwalimu" na mtoto hana hata wasiwasi. Hesabu kapata, saa hajui!

Tatizo la binti yako sio kutoa. Kwenye saa ya mishale watoto wetu wengi wanasoma kwa kuangalia ng'ambo, mshale mfupi uko karibu na 9, ng'ambo yake kuna 3, basi saa tatu kasorobo. Dijitali haina ng'ambo. Halafu dijitali inaandika saa iliyopita na dakika zilizopita, mdomoni sisi tunataja saa inayokuja, kwahiyo anaona 8 anasikia tatu, na huyo wa tuisheni anampa "saa mbili na dakika arobaini na tano" ambayo ni kweli kabisa lakini mtoto anadhani ni muda mwingine tofauti na ule bibi yake aliosema.

Chukua saa ya ukutani ya kweli, zile za bei rahisi zinatosha, toa betri, weka simu pembeni. Anza na 8:00, halafu mwache azungushe mwenyewe kale kagurudumu ka nyuma polepole mpaka mshale mrefu ufike kwenye 9, muulize mfupi uko wapi. Atakwambia umeiacha 8 ila haujafika 9. Hapo ndo anaona kwanini simu bado inaandika 8, na kwanini mtu mzima anasema tatu kasorobo, robo ya njia imebaki. Kila namba ya simu aipange kwanza kwenye mishale ndo aitamke, asiruke. Saa kamili na nusu kwanza, robo baadaye, kasorobo mwisho kabisa, na za saa 24 zisubiri hadi hizi ziwe zimekaa.

Kitu kingine kinachowavuruga ni sisi wakubwa na maandishi yetu. Barua ya kikao cha wazazi inaandikwa "saa 2:00 asubuhi", simu muda huohuo inaandika 8:00, zote zina nukta mbili katikati zinafanana kabisa! Mwonyeshe hiyo barua na simu pamoja, mwambie penye neno saa mbele na asubuhi au usiku nyuma, hapo kwetu mara nyingi ni saa ya Kiswahili, anaisema kama ilivyo. Asipolijua hili mapema atakwama kwenye yale maswali ya kubadili saa 2:15 usiku kwenda mfumo wa saa 24, jibu ni 20:15 ila wengi wanaandika 02:15 wanaendelea na swali lingine.

Na wazazi wengine mnaosoma hapa, punguzeni kununua vitu vya "ajue saa kwa siku moja". Saa za manila zenye mishale ya pini zinazunguka kila mshale kivyake, mtoto anaweza kuweka mrefu kwenye 6 na mfupi umekaa pwaa juu ya 8 na akapigwa tiki, wakati saa ya kweli haiwezi kukaa hivo hata siku moja, mishale yake imeunganishwa kwa ndani, mrefu ukimaliza mzunguko mzima mfupi umesogea namba moja. Chati za ukutani nyingi nazo zimechorwa hivohivo. Kabla hujalipa tafuta picha ya saa mbili na nusu, mshale mfupi uwe katikati ya 8 na 9, ukikuta umesimama kwenye 8 mrudishie chati yake.